Sufuria Moja, Wenyewe Arobaini

Mstaafu wa Kakoba, hapa Mbarara, akipata kiinua mgongo, ushauri humfikia kabla fedha haijalala benki usiku mmoja. Nunua ng'ombe. Jenga vyumba vya kupangisha. Nunua boda mbili uwape vijana. Akithubutu kusema kwamba yeye na wenzake, walimu, wauguzi na makarani wa zamani, wanafikiria kuchanga wafungue hoteli ya chakula itakayokuwa mali ya wachangaji wote, ushauri hugeuka kuwa onyo. Nimeyasikia maonyo hayo kwa Kinyankole, kwa Kiganda na kwa Kiswahili cha Bukavu, na nimeona wazee wakiyameza bila kuyatafuna. Baadhi yana ukweli, nami nitaukubali pale ulipo. Mengi ni woga wa kurithi. Nayajibu kwa sababu naamini hoteli kama hiyo inawezekana Kakoba, na itasimama imara zaidi wastaafu wa Mbarara wakiwakaribisha wazee wakimbizi wa kambi ya Nakivale waingie kama wanahisa.

“Mali ya wote haina mwenyewe”

Wanaosema hivi wana kumbukumbu, na kumbukumbu yao si ya uongo. Waganda waliofikia umri wa kustaafu waliona vyama vya ushirika vikianguka kimoja baada ya kingine, na Mei 1999 waliona Benki ya Ushirika ikifungwa. Ila wakisimulia, wanaruka sura kadhaa. Vyama vile vilipangiwa bei na bodi za serikali, vikaingiliwa na wanasiasa, vikaporwa mali wakati wa vita, kisha soko huria la miaka ya 1990 likavikuta havina mtaji. Katika mengi ya hayo mwanachama wa kawaida hakuulizwa. Aliyekula ng'ombe hakuwa mwenye zizi.

Hapa hapa Mbarara ndipo yalipo makao ya Uganda Crane Creameries, muungano wa vyama vya wafugaji wa maziwa ulioanzishwa 2005. Mfugaji wa Ankole, mtu asiyehitaji kufundishwa na yeyote kuchunga mali yake, humimina maziwa katika tangi moja na ya jirani yake. Yamepimwa, yameandikwa, naye hulipwa kwa lita zake. Sijasikia mtu akimwambia kwamba maziwa yaliyochanganywa hayana mwenyewe.

Anayetaka mfano wa mezani aende Moshi. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa 1933. Serikali ya Tanzania ilikivunja pamoja na vyama vikuu vingine mwaka 1976, kikafufuka baada ya sheria mpya ya 1982, na kikaja kufungua mkahawa wake mjini, Union Café, ambako kahawa inayotiwa kikombeni ni ya wakulima wenye chama. Au atazame India. Miaka ya 1950 Bodi ya Kahawa ya nchi hiyo ilifunga mikahawa yake ikawaachisha kazi wahudumu. Wakihimizwa na kiongozi A. K. Gopalan, wahudumu wale waliunda vyama vyao vya ushirika kuanzia 1957 na kuifungua upya mikahawa kwa mikono yao. Indian Coffee House ina matawi mamia hadi leo. Walioijenga ni watu waliopewa barua ya kuambiwa kwamba kazi yao imekwisha, na mstaafu wa Kakoba anaijua barua ya namna hiyo.

“Hoteli humeza mtaji”

Kweli, humeza. Hapa sitabishana. Nitaomba tu tuangalie inamezaje, maana wanaoonya huishia kwenye neno “humeza” na kuondoka.

Tuchukue mfano wa hesabu. Bei kila mtu akazipime mwenyewe sokoni kabla ya kuziamini. Wanachama 40, kila mmoja na hisa ya shilingi 600,000, hupata milioni 24. Sahani ikiuzwa 6,000, na vyakula pamoja na makaa vikichukua 3,500, kila sahani huacha 2,500. Kodi ya nyumba, mishahara, maji, umeme na leseni ya jiji vikifika milioni 3 kwa mwezi, lazima ziuzwe sahani 1,200 ndipo hoteli isimame bila faida wala hasara. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni kama sahani 46 kwa siku. Kilima cha Kakoba kina Chuo Kikuu cha Bishop Stuart, na barabara zake zina mafundi, wachuuzi na watu wa boda wanaokula mchana nje ya nyumba zao. Sahani 46 si ndoto.

Sasa weka daftari la madeni juu ya meza ile. “Niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi.” Sahani 10 za mkopo kwa siku ni shilingi 60,000, kwa mwezi ni 1,560,000, zaidi ya nusu ya ile milioni 3 ya kodi, mishahara na mengineyo. Anayekopa mara nyingi si mgeni. Ni mwanachama mwenyewe, au kijana wake aliyetumwa kuchukua chakula “cha mzee”, au diwani ambaye hakuna anayeweza kumnyima. Hilo ndilo koo linalomeza mtaji. Linaweza kuzibwa siku ya kwanza, lakini siku ya mia limeshakuwa desturi.

Dawa yake ni ya zamani. Desemba 1844, mjini Rochdale, Uingereza, watu 28 waliochanga pauni moja moja walifungua duka la unga, siagi na sukari. Walikataa kukopesha mtu yeyote, wao wenyewe wakiwamo. Badala yake, baada ya hesabu kufungwa, kila mwanachama alirudishiwa sehemu ya faida kulingana na alivyonunua. Kanuni hiyo ingefaa Kakoba bila kubadilishwa hata neno: mwenyekiti alipe sahani yake taslimu au kwa simu kama mteja mwingine yeyote, apewe risiti, na mwisho wa mwaka risiti zake ndizo zimletee gawio. Kwa njia hiyo mwanachama anayekula hapo kila siku huijenga hoteli.

Na malipo yaingie kwenye namba ya biashara, si kwenye simu ya mtu. Nimewahi kuchanga katika kikundi kimoja ambacho mweka hazina alipokea kila kitu kwa laini yake binafsi. Hakuiba. Alifiwa, akasafiri, simu ikapotea njiani, na kwa wiki tatu hakuna aliyejua tuna shilingi ngapi. Kikundi kilivunjika kwa manung'uniko, ingawa fedha zote zilikuja kupatikana. Wazee wengi waaminifu wameharibiwa majina yao kwa njia hiyo, na hilo linaniuma kuliko wizi.

“Fedha ya uzee ikae NSSF au kwenye hatifungani”

Huu ndio ushauri wenye nguvu kuliko yote, na anayeutoa anawapenda wazee. Mfanyakazi wa sekta binafsi aliyekatwa 5% ya mshahara wake kila mwezi huku mwajiri akiongeza 10% hupokea jasho la maisha yake yote akifika miaka 55. Mwaka wa fedha 2023/24 mfuko huo wa NSSF ulilipa riba ya 11.5%. Hakuna hoteli changa inayoweza kuahidi hivyo, na atakayeahidi mumwogope.

Kwa hiyo jibu langu si kwamba ushauri huu umekosea. Unajibu swali ambalo halikuulizwa. Hakuna aliyesema kiinua mgongo chote kiingie jikoni. Ningependa kanuni iandikwe kwamba hakuna mstaafu anayeruhusiwa kununua hisa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya alichopokea, na kamati imkatalie hata akisisitiza. Mwenye milioni 6 aweke 600,000. Iliyobaki ikae ilipo. Atakayekuja na shauku ya kuuza shamba ili awe mwanahisa mkubwa arudishwe nyumbani kwa upole. Katika ushirika mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au kumi, kwa hiyo shamba lake halitamnunulia hata neno la ziada mkutanoni.

“Wazee hawana nguvu za jikoni”

Hawatapika wao. Wataajiri wapishi na kuwalipa kwa wakati. Mwalimu mkuu mstaafu aliyesimamia chakula cha wanafunzi mia kadhaa kwa bajeti iliyochelewa kila muhula anajua kuhesabu magunia ya posho kuliko kijana yeyote mwenye shahada ya biashara.

“Mkimbizi hawezi kuwa mwenye mali Uganda”

Hili ni kosa la kisheria, na nasikitika kwamba hata baadhi ya wakimbizi wanaliamini. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010 zinamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kulima na kufanya biashara. Ardhi ni jambo jingine, ina masharti yake kwa wasio raia, lakini hoteli ya kupanga chumba haihitaji hati ya ardhi. Inahitaji mkataba wa pango, leseni ya biashara na usajili. Kwa upande wa ushirika, sheria ya 1991 inataka watu wasiopungua 30 ndipo chama kisajiliwe. Arobaini wetu wanatosha, na wachache wakijitoa mwanzoni bado chama kinabaki chama.

Kuna pia wanaodhani mkimbizi ni mdomo tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza Kampala, Nakivale na Kyangwali walitoa taarifa yao mwaka 2014: jijini Kampala, 21% ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kati ya walioajiriwa 40% walikuwa raia wa Uganda. Anayeshuka Nakivale pale Base Camp na kuona maduka ya Wasomali, au kuingia kwenye soko la Wakongo, hahitaji taarifa hiyo.

Mzee wa Nakivale hana kiinua mgongo. Huenda alifundisha Bukavu au alihudumu hospitalini Bujumbura miaka thelathini, na michango yake ya pensheni ilibaki ng'ambo ya mpaka. Mgao wa chakula nao umepunguzwa mara kwa mara. Kuanzia 2023 familia zilipangwa kwa madaraja ya uhitaji, na zilizoonekana kujiweza zikaondolewa. Hata hivyo anajua kuchanga. Mkongo ana likelemba, Msomali ana ayuuto, Mhabeshi ana ekub: watu hukusanya kila wiki au kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu, bila karatasi, kwa neno la mtu tu. Hisa ya 600,000 ikigawanywa kwa miezi 24 ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Bado ni mzigo, na kwa baadhi utazidi uwezo. Basi wengine walete samaki wa Ziwa Nakivale, sombe au unga wa muhogo, vipimwe kwa kilo kwa bei ya soko ya siku ile, na sehemu ya malipo iandikwe kama hisa. Kwa mpango huo hoteli inapata mlango wa chakula usiopita kwa walanguzi watatu.

“Watu hawa hawali chakula kimoja”

Hawali kimoja, na ndiyo sababu ya kuwaweka pamoja. Matoke yanatoka Isingiro, wilaya ile ile yenye kambi ya Nakivale. Mnyankole atataka kalo na eshabwe. Mkongo atauliza fufu, sombe na makayabu. Mrundi atafurahia ndagala na maharage. Msomali atataka bariis, na asubuhi canjeero na chai. Jiko moja haliwezi kupika vyote kila siku, wala lisijaribu. Lipike vya kudumu vitatu, na kila siku ya wiki liwe na sahani ya nyumba fulani.

La nguruwe litamkwe mapema. Mbarara inapenda nguruwe, na kuna watakaosema faida iko huko. Lakini akiingia jikoni, Waislamu wote wametoka mezani na kwenye hisa pia. Mbuzi aliyechinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu analiwa na kila niliyemtaja. Kwa hiyo achinjwe hivyo, na nguruwe waachiwe jirani.

Kuhusu lugha ya mikutano, nasema bila kusita: Kiswahili. Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwezi wa Julai 2022, lakini Kakoba haikungoja barua hiyo. Kwa miaka mingi Waganda walikichukia kama lugha ya kambi za jeshi na ya wezi. Mezani pa hoteli hii ndicho pekee ambacho Mnyankole aliyestaafu polisi, mama wa Goma na mzee wa Mogadishu wanaweza kusomeana hesabu.

“Mkimbizi ataondoka na fedha zetu”

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1958. Wapo waliozaliwa pale, wakazaa pale, na sasa wanafikia umri huu tunaouzungumzia. Safari za kwenda kuishi nchi za mbali ni za wachache, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, ikawaacha njiani watu waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo. Hofu hii ingemfaa zaidi kijana wa Mbarara anayetafuta kazi Dubai.

Hata hivyo watu huondoka, na wazee huondoka kwa njia ambayo hatupendi kuitaja kwenye mkutano wa kufungua biashara. Itajwe. Siku ya kununua hisa kila mwanachama aandike jina la mrithi wake mbele ya mashahidi wawili. Akihama au akifariki, hisa inunuliwe na chama kwa thamani iliyo katika hesabu za mwaka uliopita, ndani ya miezi sita, kutoka fungu lililotengwa kwa ajili hiyo tu na ambalo kamati haiwezi kuligusa kununulia friji. Mrithi apokee fedha yake mkononi na kutia saini, Mnyankole na Mkongo kwa karatasi ile ile.