UKURASA WA FAMILIA: Maji ya mtu si maji ya kitoto cha samaki



Mwezi uliopita kikundi chetu cha mabwawa kilipata vifaranga wa samaki. Njia ilikuwa ndefu, tukawagawa: wengine kwenye bidoni za plastiki, wengine kwenye pipa jipya la bati, lile linalong'aa. Wakalala humo usiku mmoja. Asubuhi wa bidoni wanaogelea, wa pipa karibu wote tumbo juu. Maneno hayakukosa. Mmoja kasema ni jicho la jirani, mwingine eti tuliuziwa wagonjwa. Lakini wote walitoka bwawa moja, maji yale yale. Kilichowaua ni zinki, madini yanayopakwa juu ya bati ili lisishike kutu.

Mama mmoja akauliza: mbona maji ya pipa tunakunywa na watoto wetu, hatufi? Swali zuri sana. Samaki anapumua kwa matamvua, na ngozi yake pale ni nyembamba mno. Hapo ndipo anapopata hewa na pia chumvi ya mwili. Madini yakigusa pale, chumvi inamtoka na pumzi inakatika. Kifaranga ana mwili mdogo, akiba hana, basi anatangulia. Angalieni tofauti: Shirika la Afya Duniani linakubali miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa vifaranga wa aina kadhaa, hasa kwenye maji yasiyo na chokaa, hata sehemu moja ya mia ya kiasi hicho inadhuru. Na kisipomuua kinamziba pua: hasikii harufu ya adui, analiwa.

Hapa Zambia, tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la uchafu wa mgodi ulibomoka huko Copperbelt, na lita kama milioni 50 za maji ya asidi zikaelekea mto Kafue. Samaki wakaelea, mji wa Kitwe ukakatiwa maji, ndege zikamwaga chokaa. Chokaa inasaidia kweli, kwa maana asidi ndiyo inayeyusha madini. Asidi ikipungua, madini yanazama kwenye tope. Shida ni kwamba samaki wengi wa kwetu wanachimba viota kwenye tope hilo hilo. Mtu akiona samaki wakubwa sokoni anasema mto umepona. Hao wakubwa walizaliwa miaka ya nyuma! Ulizeni vitoto viko wapi. Sisi tuliotoka Katanga, mkoa ulioitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, swali hilo tulichelewa kuliuliza.

Kwa nyumbani: samaki aliyekutwa anaelea msimwokote, hata njaa ikiwa kali. Samaki wa mto ulio chini ya mgodi, toeni matumbo, maini na matamvua, maana madini yanajikusanya huko. Na kuchemsha maji kunaua vijidudu tu, madini hayatoki.

Kikundi kinategemea kupata vifaranga wengine. Kila familia ije na bidoni ya plastiki iliyooshwa vizuri, isiwe ya dawa za shamba wala ya asidi ya betri. Mapipa ya bati yabaki nyumbani.