CV Yako Haina Haja ya Kutoka Kwa Simu

Wasee, hebu fikirieni mtu wa Ruiru anayetafuta job wiki hii. Hana kompyuta, so anafungua tovuti ya bure ya kutengeneza CV kwa simu. Anajaza jina, kitambulisho, shule, hadi nambari za wadhamini wake. Anabonyeza "Pakua", anaambiwa: fungua akaunti kwanza.

Akaunti ya nini sasa?

Brauza yako inaweza kuunda hiyo faili yenyewe. JavaScript inachukua ulichoandika, inakifunga ndani ya Blob, yaani furushi la data linalokaa kwa memori ya simu. Halafu URL.createObjectURL inalipa furushi anwani ya muda, na linki yenye neno download inalishusha kwa simu yako, na jina la faili juu. Kwa maandishi ya kawaida ama CSV, hiyo ni mistari michache tu ya kodi. PDF inataka maktaba kama jsPDF, na hiyo pia inafanya kazi ndani ya brauza. Seva haijaguswa, bando haijaliwa.

Najua wenye tovuti watasema seva inakusaidia kurudi kesho kuhariri. Sawa, hiyo naikubali. Lakini niulizwe kama nataka kurudi! Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, na kushusha karatasi moja hakuhitaji nambari ya mwalimu wangu wa zamani ikae kwa seva ya mtu nisiyemjua. Na mwalimu mwenyewe hata hajaulizwa. Ni vile vile kwa mhazini wa chama anayetaka tu orodha ya michango: hayo majina si yake pekee.

Kuna njia rahisi ya kupima. Fungua ukurasa, zima data na Wi-Fi, jaza majina ya uongo, bonyeza "Pakua". Faili ikitokea, imeundwa hapo hapo kwa simu. (Si dhamana kamili, ukurasa mjanja unaweza kungoja mtandao urudi ndio utume.) Ikikataa, kuna uwezekano mkubwa kazi inafanyiwa kwa seva yao.

Na manze, shusha kabla hujafunga tabo. Blob haijui kukungoja, ukifunga imeenda.