JICHO LA MWANAFUNZI LISIDHARAULIWE

Nataka kusema neno juu ya mawe na juu ya wale wanaoyatazama.

Wako wenzetu wasemao kwamba elimu ya visukuku, yaani alama za viumbe vya kale zilizohifadhika katika mawe, ni kazi ya mataifa yenye fedha, na ya kwamba habari za wanyama wa chini ya bahari hazituhusu sisi watu wa bara. Mimi sikubali. Nitatoa mfano mmoja tu, na kila msomaji apime mwenyewe.

Katika Uingereza, wilaya ya Leicestershire, mbali na pwani, pana msitu wenye miamba uitwao Charnwood. Mwaka 1956 msichana wa shule mwenye umri wa miaka 15, jina lake Tina, aliona katika mwamba alama kama jani la kangaga. Akamwambia mwalimu wake wa jiografia. Mwalimu akajibu kwamba miamba ile ni ya kale mno, haiwezi kuwa na visukuku. Ndivyo vitabu vingi vilivyosema wakati ule, na shauri likaisha hapo.

Mwaka uliofuata, 1957, mvulana wa shule, Roger Mason, alikuwa akipanda miamba hiyo pamoja na rafiki zake, akaiona alama ile ile. Alimweleza baba yake, na baba alifahamiana na Trevor Ford, mtaalamu wa miamba huko Leicester. Ford hakutosheka na yaliyomo vitabuni. Alikwenda kutazama. Mwaka 1958 aliandika habari zake, akakiita kiumbe hicho Charnia masoni, kwa heshima ya msitu na ya kijana.

Kwa maoni yangu, tofauti ya wanafunzi hawa wawili haikuwa akili wala macho. Ilikuwa mtu mzima mmoja aliyekubali kutembea. Mason mwenyewe, ambaye baadaye alikuwa profesa wa elimu ya miamba, amekiri waziwazi kwamba Tina alimtangulia.

Na tazameni faida iliyotoka katika mwendo ule. Charnia aliishi yapata miaka milioni 560 iliyopita. Ford alidhani ni mwani. Lakini mwani huhitaji mwanga wa jua, na wataalamu walipoyachunguza matabaka ya mawe waliona kwamba yalitandikwa katika kina kirefu cha bahari, kusikofika mwanga. Huko Newfoundland, katika Kanada, mahali paitwapo Mistaken Point, viumbe wa jamaa hiyo walifunikwa na majivu ya volkano pale pale walipokuwa wakiishi. Wengi wamelala wakielekea upande mmoja, kama mtama ulioangushwa na upepo. Basi twajua kwamba walisimama wima, wamejishikiza chini kwa kitu kama kisahani, na mkondo wa maji ukawalaza. Kinywa hakikuonekana, wala tumbo. Matawi yao yana matawi, na hayo yana mengine madogo zaidi. Kwa hiyo wataalamu wengi hudhani walifyonza chakula majini kwa ngozi yao. Mwaka 2020 zilitangazwa habari za nyuzi nyembamba zilizowaunganisha baadhi ya viumbe hao, na mwaka 2021 uchunguzi wa jinsi Charnia alivyokua ulionyesha kwamba ni mnyama.

Hakuna mtu aliyewaona wakiwa hai. Yote hayo yametokana na kuuliza: Kimelala upande gani? Kimeshikwa na nini? Jiwe lenyewe lilifanyika katika maji ya namna gani? Mwanafunzi wa darasa la chini aweza kuuliza hivyo, bila mtambo wa thamani.

Mtu atasema kwamba mwalimu ana mtihani wa kutayarisha, hawezi kukimbilia kila jiwe liletwalo na mtoto. Ni kweli, na mawe mengi yatakuwa mawe tu. Lakini mwalimu asiye na nafasi leo aweza kusema, "Chora, andika mahali na tarehe, Jumamosi twende tukaone." Maneno hayo hayaharibu mtihani. Neno "haiwezekani" ndilo liharibulo, maana mtoto aliyejibiwa hivyo mara mbili halileti jiwe la tatu.

Hapa Uganda nako ardhi si bubu. Katika Napak na Moroto, huko Karamoja, imepatikana mifupa ya jamaa ya masokwe walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo natoa shauri. Shule iweke daftari moja ambamo kila mwanafunzi ataandika kitu cha ajabu alichokiona katika mwamba au korongo, pamoja na mchoro wake. Asivunje jiwe wala asiling'oe, kwa sababu mahali kilipolala kitu ni nusu ya habari zake. Nasi wanafunzi wa zamani, tufanyao kazi za barabara, machimbo na ualimu, tulete habari zetu katika daftari hilo hilo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na anayeuliza apate mtu wa kwenda naye.

Mwanafunzi wa Zamani