Gunia Moja kwa Watoto Watatu

Wakulima wenzangu wa Trans-Nzoia na Bungoma,

Mahindi yakisha kuvunwa, kila mkulima hupiga hesabu yake: magunia haya ni ya kula, haya ni ya kuuza, na haya ni ya kununulia mbegu na mbolea ya mwezi wa Machi. Nataka kuwashauri mwongeze fungu moja katika hesabu hiyo, nalo ni fungu la chakula cha mchana cha watoto shuleni. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani katika ofisi ya kilimo, na kwa maoni yangu jambo hili linamhusu mwalimu na mkulima sawasawa.

Kwanza yafaa tuyashukuru mema tuliyoyapata. Wakati wa ukoloni, mji wa Kitale ulikuwa na shule ya watoto wa walowezi wa Kizungu, na mtoto wa kibarua wa shamba hakupata nafasi humo. Skimu za makazi zilipoanza mwaka 1962, wazazi wengi wa Kenya walijenga madarasa kwa nguvu zao wenyewe, kwa harambee. Mwaka 1974 Serikali iliondoa karo kwa darasa la 1 mpaka la 4. Mwaka 2003 ikaiondoa katika shule zote za msingi za umma, na kwa mwaka mmoja tu wanafunzi wakaongezeka kutoka chini ya milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Mwaka 2008 ikaanza kulipia masomo katika sekondari za kutwa. Leo mtoto wa mkulima wa Kiminini na mtoto wa mchuuzi wa sokoni Kitale hukaa dawati moja. Hayo si mambo madogo.

Lakini mlango ulipofunguliwa, nyumba ilijaa. Katika shule nyingi za miji yetu madarasa yamebanana na walimu hawatoshi. Kuongeza walimu na madarasa ni kazi ya Serikali, na tusichoke kuikumbusha. Ila ipo shida moja ambayo dawa yake imo ghalani mwetu, nayo ni njaa ya saa saba mchana.

Mtoto wa shule ya kutwa anayetoka mbali hawezi kwenda nyumbani kula na kurudi kwa saa moja. Mwenye bahati hununua andazi, na asiye na kitu hunywa maji. Mwalimu ye yote aliyepata kufundisha hesabu saa nane mchana anajua kwamba tumbo tupu halisikii somo. Baadaye mtoto huanza kukosa vipindi vya alasiri, na mwisho huacha shule kabisa, ingawa masomo yenyewe ni bure.

Mbona basi wazazi hawalipi pesa za chakula? Wengi hudaiwa pesa hizo wakati mbaya. Januari kuna sare na vitabu, Machi kuna mbolea, na mwezi wa Juni wengine wetu hununua mahindi kwa bei kubwa, ilhali Novemba tulimwuzia dalali kwa bei ya kutupa. Mkulima hukosa shilingi kwa miezi mingi, lakini baada ya mavuno hakosi mahindi.

Tufanye hesabu. Shirika la Chakula Duniani, lilipoendesha mpango wa chakula shuleni, lilikuwa likimpimia mwanafunzi wa Kenya gramu 150 za nafaka na gramu 40 za maharagwe kwa mlo mmoja. Tukichukua siku 190 za masomo, mtoto mmoja atakula kilo 28 na nusu za mahindi kwa mwaka. Gunia la kilo 90, basi, linawatosha watoto watatu mwaka mzima, pamoja na gorogoro kumi na mbili hivi za maharagwe. Wazazi wa mjini wasio na shamba watoe pesa kidogo za mafuta, chumvi na mshahara wa mpishi. Asiye na shamba wala pesa alete kuni au afanye kazi jikoni, na mtoto wake ale kama wengine.

Najua wapo watakaosema, "Serikali ilisema elimu ni bure." Ni kweli, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo ya masomo katika shule za umma. Lakini sheria hiyo haikupika githeri. Brazil ilipitisha sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za Serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Nasi tuombe mpango kama huo hapa kwetu, lakini mtoto asilale njaa akiungoja.

Wengine wataogopa wizi na uharibifu. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni hii. Kila gunia lipimwe mbele ya mzazi na aandikiwe stakabadhi. Daftari la ghala lisomwe katika kila mkutano wa wazazi. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Akiba haiozi, wazee walisema, lakini mahindi yenye unyevu huota ukungu, na sumu yake huua watu.

Basi, kabla shule hazijafungwa muhula wa tatu, waambieni walimu wakuu na Bodi za Usimamizi waite mkutano. Patanisheni kiasi, chagueni watu waaminifu wa kushika ghala, na Januari shule zifunguliwapo kila mmoja alete fungu lake likiwa kavu na safi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha watoto wetu wenyewe.