Neno "Dawa" na Kipimo cha Sumu Mwilini: Mfano wa Ngoingwa

Katika maduka ya pembejeo mjini Thika, kiuagugu aghalabu hakiitwi kiuagugu. Huitwa dawa. Mteja huomba dawa ya nyasi, na neno lililozoeleka kwa malaria na kikohozi huisindikiza sumu hadi nyumbani. Kwa mwanasemantiki, hiki ni kisa cha kawaida cha neno moja kubeba maana mbili. Kwa mkazi wa Ngoingwa, ni suala la mwili wake.

Ngoingwa ni mtaa wa makazi. Hata hivyo, hapakosekani ploti inayosafishwa kwa pampu ya mgongoni wala sukuma wiki iliyopandwa kando ya ua, na mji wenyewe umepakana na mashamba ya kahawa na mananasi. Ni nani, basi, ajuaye kiasi cha kemikali kinachoingia katika mwili wa mama mjamzito, au wa mtoto asiyewahi kuishika pampu hiyo?

Jibu limo mkojoni. Glifosati, kiambato cha Roundup na viuagugu vingine vingi, haidumu mwilini. Sehemu kubwa ya ile iliyofyonzwa hutoka katika siku chache. Kikombe kimoja cha mkojo husimulia habari za jana na juzi tu, na ndiyo sababu vipimo sharti virudiwe, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Nchini Marekani, takwimu za serikali zilizotolewa mwaka 2022, kutokana na sampuli za 2013 na 2014, zilionyesha glifosati katika mikojo ya watu 1,885 kati ya 2,310 wenye umri wa miaka 6 na zaidi. Wengi wao hawakuwa wakulima.

Kenya si ngeni katika upimaji wa aina hii. Mwaka 2000, Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walichapisha matokeo ya kupima damu ya wafanyakazi wa mashambani, wakaonyesha jinsi viuawadudu vinavyodhoofisha kimeng'enya muhimu cha neva. Lakini hao walikuwa watu wa mashambani, na kipimo hicho hakigundui glifosati. Sasa ni zamu ya mtu wa kawaida mtaani.

Wapo watakaodai kwamba kupima kutazua hofu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ni kweli kwamba kuonekana kwa kemikali mkojoni si ugonjwa. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza mwaka 2015 kwamba glifosati yamkini husababisha saratani, ilhali Umoja wa Ulaya uliihuishia idhini mwaka 2023 kwa miaka 10. Maadamu wataalamu wangali wanavutana, takwimu za hapa nyumbani zinahitajika zaidi, si kidogo.

Kosa kubwa, hata hivyo, laweza kutendeka kabla ya maabara, kwenye hojaji. Mhojaji akiuliza, "Je, mnatumia sumu hapa nyumbani?" mkazi atajibu la, tena bila kudanganya: yeye ana dawa tu. Maabara ikiigundua glifosati, ataonekana mwongo. Akiulizwa kuhusu dawa, naye atataja vidonge vya shinikizo la damu. Afadhali aulizwe nyasi za hapo zilipuliziwa lini mara ya mwisho, na nani, na nguo za mpulizaji zilifuliwa wapi. (Wazee wengine itabidi waulizwe kwa Kikuyu, na hilo halipunguzii Kiswahili hadhi yoyote.)

Vivyo hivyo matokeo. Kumkabidhi mtu karatasi ya Kiingereza iliyojaa mikrogramu kwa lita ni kuuchukua mkojo wake na kumwacha mikono mitupu. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko kando ya barabara hiyo hiyo kuu iendayo Thika. Hojaji na karatasi ya matokeo zaweza kuandikwa huko, zikajaribiwa Ngoingwa kwa kaya chache, kabla ya mvua za vuli kuanza na pampu kutolewa stoo.