Mizani Kabla ya Mimba

Wako watu wasemao kuwa mwanamke apaswa kulishwa vema akisha kushika mimba. Nakana neno hili. Hapa Kisian, kando ya ziwa lenye samaki na omena, ziko nyumba ambamo msichana hula makombo; kisha twashangaa azaapo mtoto asiyetimia kilo 2.5, mwepesi wa kuugua na kufa. Miezi tisa haitoshi kulipa deni la njaa ya miaka. Wengine husifu unene wowote kuwa ndio afya. Nao wamekosa: unene uliozidi huongeza hatari ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu na uzazi mgumu. Mkulima hutengeneza shamba kabla ya kupanda. Enyi vijana, wavulana kwa wasichana, gawaneni chakula kwa haki leo.