AFYA YA MTOTO: Uji Mweupe Hautoshi



Siku moja, baada ya kikao cha akina mama hapa Kanyenye, binti mmoja alituletea kadi ya kliniki ya mwanawe wa miezi tisa. "Shikamoo mama. Anakunywa uji mpaka anaukataa, mbona haongezeki?" Tukaitazama kadi. Tangu mwezi wa sita mstari ulikuwa umelala. Tulipouliza ni uji gani, akajibu, "Wa sembe na sukari. Si mlituambia tumpe uji?"

Ni kweli tuliwaambia. Kosa ni letu: hatukusema uji wa namna gani.

Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi hulijaza maji, naye akaonekana ameshiba. Uji wake uwe mzito, usitiririke kutoka kijikoni. Tia karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, zisizo na ukungu hata kidogo, au dagaa wa Kigoma waliosafishwa, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa. Yai, maharage yaliyopondwa, mchicha na embe bivu navyo vina nafasi yake.

Uzito ukimshinda, tumia kimea, ambacho wataalamu wa lishe nchini walikihimiza tangu miaka ya 1980. Loweka mtama, uache uchipue, uanike, uondoe machipukizi yote, kisha usage. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji mzito huulainisha bila kuongeza maji. Uchemshe tena kabla ya kumpa mtoto.

Tuliozaa miaka ya 1990 tuliambiwa tuanze uji miezi minne. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita kamili. Kisha anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili hadi tatu kwa siku. Afikapo miezi tisa apate nusu kikombe mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati. Ziwa liendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Tumia kikombe na kijiko, si chupa, na awe na bakuli lake, maana kwenye sinia la wakubwa hatujui amekula kiasi gani.

Neno moja kwetu watu wa Tabora: asali ni sifa yetu, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe. Huweza kuwa na vijidudu ambavyo mkubwa havimdhuru, bali humlegeza mtoto mchanga viungo mpaka kupumua kukamshinda.

Yule binti alirudi baada ya miezi miwili. Mstari ulikuwa umeanza kupanda, pole pole.

Nawe, mama, kadi ya mwanao uliitazama lini?